Bibi Shamba Anajibu: Majitaka kwenye Miti ya Matunda

Barua nyingi za safari hii zinazungumzia jambo moja: kumwagilia miti ya matunda kwa majitaka, yawe yametibiwa au la. Karibu kila msomaji anauliza kuhusu tunda, kama litanenepa na kama ni salama kuliwa. Wanaouliza kuhusu udongo ni wachache, na mimi hofu yangu kubwa iko huko. Barua ya kwanza nimeipa nafasi ndefu kwa sababu mwandishi wake ameambatanisha majibu ya maabara.

Bibi Shamba, shikamoo. Nina michungwa na miparachichi kwenye udongo mzito wa mfinyanzi. Kwa miaka sita namwagilia kwa maji yanayotoka kwenye mabwawa ya kutibu majitaka. Miaka mitatu ya mwanzo ilikuwa neema tupu: majani ya kijani kibichi, matunda mengi, na mbolea sikununua. Sasa miparachichi inaungua ncha za majani, hasa yale makuukuu, kisha yanapukutika. Michungwa inajikaza lakini mavuno yanashuka. Kinachonishangaza zaidi, mvua za kwanza ziliponyesha maji yalituama shambani, wakati zamani yalikuwa yanazama papo hapo. Vipimo vya maji ni hivi: upitishaji umeme, unaoonyesha wingi wa chumvi, 1.4 dS/m, SAR, yaani uwiano wa sodiamu, 6, kloridi miligramu 230 kwa lita, boroni 0.6. Msimamizi wa mabwawa ananiambia maji ni safi, vijidudu karibu hakuna. Kama ni safi, kinachoua miti yangu ni nini?
*Mkulima wa michungwa*

Marahaba, mwanangu. Msimamizi wa mabwawa hakukudanganya. Kazi yake ni kupunguza vijidudu na uchafu unaooza, na kwa hayo maji yake yamefaulu. Lakini mabwawa hayaondoi chumvi. Maji yakishapita jikoni, bafuni na kwenye kufulia, huongezewa miligramu 150 hadi 400 hivi za chumvi kwa kila lita, juu ya ile yaliyotoka nayo bombani. Yakifika bwawani, jua hukausha sehemu ya maji na kuiacha chumvi pale pale, kwa hiyo yanayotoka huweza kuwa na chumvi kuliko yalivyoingia. Kuiondoa kunahitaji mitambo ya kusukuma maji kwa nguvu kupitia utando mwembamba sana, na mabwawa ya kawaida hayana mitambo hiyo.

Fanya hesabu pamoja nami. Maji ya 1.4 dS/m yana takriban miligramu 900 za chumvi kwa lita, yaani kilo 0.9 kwa kila mita ya ujazo. Tuseme miti yako inapata milimita 800 za umwagiliaji kwa mwaka. Hizo ni mita za ujazo 8,000 kwa hekta, na ndani yake mna zaidi ya tani 7 za chumvi. Kila mwaka. Mti hunywa maji na kuiacha karibu chumvi yote nje ya mizizi, kama sufuria ya maji ya chumvi inavyokauka motoni ikabaki na utando mweupe. Ile neema ya miaka mitatu ilikuwa ya kweli, ililetwa na naitrojeni, fosforasi na potasiamu vilivyomo kwenye maji hayo. Ila siku zile zile udongo ulikuwa unajaa.

Sasa tuitazame miti. Mwongozo wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) ulioandikwa na Ayers na Westcot bado naufungua kila ninapopata karatasi kama yako. Unaonyesha kwamba parachichi huanza kupoteza mavuno chumvi ya udongo ikivuka 1.3 dS/m, na mchungwa ikivuka 1.7. Stroberi ni dhaifu zaidi, 1.0 tu. Mkomamanga, mtini na mzeituni huvumilia hadi 2.7 hivi, na mtende hufika 4.0. Hizo ni namba za maji yanayokamuliwa kutoka kwenye udongo uliolowa kabisa, usizichanganye na vipimo vya maji ya umwagiliaji. Maji yako ya 1.4, kwenye udongo usiosuuzwa vizuri, huufikisha udongo mbali zaidi ya hapo.

Kuungua kwa ncha za majani makuukuu kwanza, kisha kingo, ni alama ya kloridi. Hapa jambo la kuuliza ni mche wako ulibebeshwa kwenye shina gani. Parachichi lililobebeshwa kwenye shina la asili ya Meksiko huvumilia karibu miligramu 120 za kloridi kwa lita ya maji ya umwagiliaji. La asili ya visiwa vya Karibi, ambalo ndilo gumu kuliko mengine, hufika kama 180. Wewe una 230. Hakuna shina la parachichi katika orodha ile linaloweza kustahimili maji hayo bila kuumia. Michungwa ni habari nyingine: iliyobebeshwa kwenye shina la Cleopatra, aina ya mchenza, hustahimili hadi karibu miligramu 590, kwa sababu mizizi yake huzuia kloridi isipande, ilhali mashina dhaifu ya jamii ya michungwa huishia kwenye 240 hivi. Ndiyo maana michungwa yako bado inajikaza. Rudi kwa aliyekuuzia miche umuulize shina la chini ni la aina gani.

Nije kwenye maji yaliyotuama, jambo linaloniuma zaidi katika barua yako. SAR hulinganisha sodiamu na kalsiamu na magnesiamu. Kalsiamu hushikanisha chembe za mfinyanzi zikawa mabonge madogo yenye matundu ya hewa na maji. Sodiamu huziachanisha. Unapomwagilia kwa maji yenye chumvi, chumvi yenyewe husaidia chembe zisitawanyike, kwa hiyo kasoro haionekani. Kisha mvua inashuka, maji yasiyo na chumvi karibu kabisa. Chembe zilizolegezwa na sodiamu zinaachana, zinaziba matundu, na juu panabaki gamba. Kwa hiyo mvua ndiyo iliyoonyesha ugonjwa, lakini aliyeuleta ni sodiamu ya miaka sita. Mizizi chini ya gamba hilo hukosa hewa, na parachichi halivumilii mizizi kukosa hewa hata kidogo.

Hili limeonekana kwa upana nchini Israeli, ambako zaidi ya asilimia 80 ya majitaka hutibiwa na kurudishwa mashambani. Kwenye mashamba ya miparachichi na ya jamii ya michungwa yenye udongo wa mfinyanzi, baada ya miaka mingi ya maji yaliyotibiwa, watafiti walikuta sodiamu imepanda, maji yanazama polepole, hewa imepungua kwenye mizizi na mavuno yako chini kuliko ya miti jirani iliyopewa maji baridi, yaani yasiyo majitaka. Linganisha na Florida, Marekani. Mradi wa Water Conserv II ulianza mwaka 1986 kupeleka maji yaliyotibiwa ya Orlando kwenye michungwa, na miti ilistawi vizuri. Kule udongo ni mchanga wenye kina, mvua ni nyingi, na chumvi ya maji ilikuwa ndogo. Wanaosema majitaka ni mazuri na wanaosema ni mabaya wote wameona kweli, ila kila mmoja ameiona kwenye udongo wake.

La kufanya. Chimba shimo karibu na mti mmoja mzima na mwingine mgonjwa. Chukua udongo wa sentimita 0 hadi 30, 30 hadi 60, na 60 hadi 90, na uombe maabara wapime chumvi, sodiamu iliyoshikwa na mfinyanzi, kloridi, boroni na pH, yaani kipimo cha uchachu. Shimo hilo hilo litakuonyesha kama chini kuna tabaka gumu au maji yaliyosimama. Usianze kusuuza chumvi kabla ya kujua hilo. Maji ya kusuuza yasipokuwa na pa kwenda yatainua maji ya chini ya ardhi, nayo yatarudi juu na chumvi ile ile. Kwanza mifereji ya kutoa maji, ndipo kusuuza.

Kisha jasi. Kalsiamu iliyomo ndani yake humwondoa sodiamu kwenye mfinyanzi, halafu maji humsukuma chini ya mizizi. Kiasi chake kitokane na kipimo cha sodiamu ya udongo, usikisie kwa kuona jirani kaweka mifuko mingapi. Mwaga kabla ya mvua kuanza, ili mvua ifanye kazi ya kusuuza bila kuleta gamba. Kwenye umwagiliaji wa kawaida, kwa maji ya 1.4, mchungwa unahitaji karibu asilimia 20 ya maji ipite chini ya mizizi. Maana yake, kama mti unatumia milimita 800, mpe 1,000. Parachichi linadai asilimia 27 hivi. Weka matandazo mazito ya majani na mboji, na usitumie kabisa vinyunyizi vinavyolowesha majani, maana majani ya michungwa hunyonya kloridi na sodiamu moja kwa moja.

Ukiniuliza ningefanya nini na miparachichi hiyo: kama una chanzo kingine cha maji, hata kidogo, ipe yale maji, na haya ya mabwawa yabaki kwa michungwa. Kama huna, ningepanda mikomamanga mahali pake. Kuisuuza kwa asilimia 27 kwenye mfinyanzi uliokwisha kuziba ni kuizamisha mizizi ile ile unayotaka kuiokoa.

Bibi Shamba, mume wangu anamwagilia mipapai na stroberi kwa mfereji wa majitaka mabichi, hayajatibiwa popote. Yeye anasema mti huchuja uchafu wote na tunda linatoka safi. Watoto wetu huokota matunda yaliyoanguka chini na kula. Nimwambie nini?
*Mama mwenye wasiwasi*

Dada yangu, stroberi hizo msizile na msiziuze. Kuhusu mipapai, mumeo ana nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki ndiyo hatari.

Ni kweli kwamba yai la mnyoo halipiti kwenye mzizi likapanda hadi kwenye papai. Ugonjwa haufuati njia hiyo. Unafuata tone linaloruka, mkono wa mchumaji, kikapu kilichowekwa chini, na tunda lililoanguka kwenye tope. Majitaka mabichi huwa na bakteria za kinyesi kati ya milioni 1 na milioni 100 katika kila mililita 100. Stroberi inalala juu ya udongo huo, haina ganda la kumenya, na watu huila mbichi. Kwa mfereji na majitaka mabichi sijui namna ya kuifanya salama, na sitakutungia moja.

Papai linaning'inia juu. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipotoa mwongozo wake wa 1989 liliweka masharti kwa miti ya matunda ambayo bado nayapenda kwa sababu mkulima anaweza kuyashika: acha kumwagilia wiki mbili kabla ya kuchuma, usiokote tunda lolote chini, na usitumie vinyunyizi. Mwongozo wa 2006 uliongeza njia ya kuweka vizuizi kadhaa, kimoja kikikosa kingine kikushike. Umwagiliaji wa matone kwa zao lililo juu, ambalo haliugusi udongo, hupunguza vijidudu mara 10,000. Kuosha tunda kwa maji safi hupunguza mara 10 tu, na kumenya mara 100. Jua na ukavu shambani hupunguza zaidi kwa kila siku inayopita. Ona jinsi kuosha, ambako wengi hukutegemea peke yake, kulivyo dhaifu kuliko vyote. Na mnapomenya, osheni papai kwanza, la sivyo kisu kitabeba uchafu wa ganda hadi kwenye nyama ya tunda.

Minyoo ni shida ya aina yake. Bakteria wengi hufa ndani ya siku au wiki, lakini mayai ya minyoo mikubwa ya tumbo huweza kukaa kwenye udongo wenye unyevu kwa miezi mingi, hata miaka. Kwa hiyo hata mfereji ukifungwa leo, udongo wa chini ya mipapai bado si mahali pa mtoto kucheza. WHO inataka yai lisizidi moja kwa lita ya maji, na mabwawa ya kutulia husaidia hasa hapa, kwa sababu mayai ni mazito, huzama. Kama majitaka yanaweza kukaa kwenye mabwawa yanayofuatana kwa zaidi ya wiki kabla ya kufika shambani, mayai mengi yatabaki kwenye tope la chini.

Mwambie pia mumeo kwamba wa kwanza kuugua huwa ni yeye anayesimama mferejini. Avae buti na glavu, na anawe kwa sabuni kabla ya kuwashika watoto. Kama atasema hajawahi kuona mtu aliyeugua kwa sababu ya chakula cha namna hii, mweleze habari ya Yerusalemu mwaka 1970: kipindupindu kilienea, na mboga za kachumbari zilizomwagiliwa kwa majitaka zilionekana kuwa njia kuu ya kuusambaza.

Miembe yangu inapata maji kutoka kituo cha kutibu majitaka. Ina majani ya kupendeza mno, lakini maua ni machache na maembe yanachelewa kuiva, laini, hayahimili safari. Niongeze mbolea gani?
*Mwenye miembe*

Usiongeze yoyote, kaka. Acha hata ile uliyo nayo stoo.

Mti wako umeshiba naitrojeni. Maji yaliyotibiwa kwa kiwango cha kawaida mara nyingi hubaki na miligramu 20 hadi 40 za naitrojeni kwa lita. Chukua 30. Ukimwagilia milimita 1,000 kwa mwaka, hekta moja inapata kilo 300 za naitrojeni, sawa na kilo 650 hivi za urea, bila wewe kufungua mfuko. Mbaya zaidi, inakuja kila unapofungua bomba, hata wakati ambao mwembe ungetakiwa kupumzika ili uchanue. Mti unaolishwa hivyo hutoa machipukizi badala ya maua, na tunda lake hulainika na kukosa rangi. Mizabibu hufanya vivyo hivyo, na machungwa huwa na ganda nene na hukawia kuiva.

Omba kituo kipimo cha naitrojeni, kisha upange majira. Maji haya yatumie baada ya mavuno, mti unapojenga majani mapya. Miezi ya kuelekea maua punguza maji yote, na tunda likishafunga tumia maji mengine au yachanganye nusu kwa nusu. Kati ya mistari panda nyasi za kukata, kisha uzitoe nje ya shamba. Zitabeba naitrojeni ya ziada. Isipochukuliwa na mmea itashuka ikiwa naitreti hadi kwenye visima. WHO huweka kikomo cha miligramu 50 za naitreti kwa lita ya maji ya kunywa, na visima vilivyo chini ya mashamba ya namna hii huweza kuvuka hapo bila ladha wala harufu kumwonya mnywaji. Kama kuna kisima jirani, kipimeni.

Mfereji tunaotumia unapokea maji ya nyumba na ya kiwanda cha kuchovya vyuma. Tunda linaweza kuwa na sumu? Na udongo tukija kuuacha upumzike, utapona?
*Kikundi cha wakulima*

Tunda ndilo hupokea kidogo kuliko sehemu nyingine. Metali nzito hubaki zaidi kwenye mizizi, kisha majani, na tunda na mbegu huja mwisho. Ndiyo maana mchicha uliopandwa chini ya miti hiyo ungenitisha kuliko embe lililo juu yake.

Jibu la swali lenu la pili halifurahishi. Kupumzisha udongo hakuondoi metali. Kadimiamu, mojawapo ya metali hizo zenye sumu, haiozi, haigeuki hewa, na ikishashikwa na udongo wa juu haitembei haraka. FAO iliweka kikomo cha miligramu 0.01 za kadimiamu kwa lita ya maji ya umwagiliaji, kiasi kinachoonekana kidogo mno. Lakini kwa mita za ujazo 10,000 kwa mwaka, hiyo ni gramu 100 kwa hekta, na mwaka ujao 100 nyingine juu yake. Katika bonde la Mezquital nchini Meksiko, ambako majitaka ya Jiji la Meksiko yamemwagiliwa kwa zaidi ya miaka 100, metali zimeongezeka kwenye udongo wa juu kadiri shamba lilivyomwagiliwa miaka mingi zaidi. Kule mboji imeongezeka pia, na pH iko juu, mambo mawili yanayozishika metali zisiingie kwenye mmea kwa wingi. Shamba lenye udongo mchachu halina ulinzi huo. pH ikishuka, kadimiamu na zinki hulegea na kupanda.

Kwa hiyo pimeni pH, na ikiwa chini ya 6.5 wekeni chokaa, ongezeni mboji, na ondoeni mboga za majani chini ya miti. Hizo ni hatua za kupunguza madhara. La msingi ni maji ya kiwanda yatenganishwe na ya nyumba kabla hayajaingia mferejini, na kiwanda kiyatibu pale pale yanapotoka. Andikeni kwa mamlaka ya maji mkiwa kikundi, mkiambatanisha vipimo vya mfereji juu na chini ya bomba la kiwanda. Mpaka yatenganishwe, mimi nisingefungulia maji hayo shamba langu, hata katika ukame.

Nimesikia kuwa dawa tunazomeza hupita kwenye mkojo zikaishia kwenye matunda. Ni kweli au ni uzushi?
*Msomaji*

Ni kweli kwa baadhi ya dawa. Inayotajwa sana ni karbamazepini, dawa ya kifafa, kwa sababu haivunjwi kirahisi kwenye vituo vya kutibu majitaka. Mwaka 2016 watafiti wa Israeli walionyesha kwamba watu waliokula mazao yaliyomwagiliwa kwa majitaka yaliyotibiwa walikuwa nayo kwenye mkojo, na kiwango kilishuka walipobadilishiwa wakala mazao ya maji baridi. Kilikuwa kidogo sana ukilinganisha na kile anachotumia mgonjwa. Ndani ya mmea dawa hii husafiri na maji yanayopanda kuelekea majani, na hubaki huko maji yanapotoka kama mvuke, kwa hiyo jani huwa nayo kuliko tunda. Sijawa na sababu ya kumkataza mtu tunda la mti kwa ajili ya hili. Nina sababu ya kumwomba asitupe dawa zilizobaki chooni.

Shikamoo Bibi. Nina mlimau mmoja tu uani. Naumwagilia maji ya kufulia na ya kuoshea vyombo. Majani yameanza kuwa na manjano nchani na madoa madoa. Ni wadudu?
*Mjukuu wako*

Marahaba, mjukuu wangu. Geuza majani uangalie chini. Usipoona wadudu wala utando wao, nashuku boroni na sodiamu za sabuni ya unga. Mlimau ni kati ya miti dhaifu kuliko yote mbele ya boroni: hauhimili hata nusu miligramu kwa lita. Sabuni nyingi za unga zimejazwa chumvi za sodiamu, na zingine zina boroni. Israeli ilifika mahali ikaweka kanuni ya kupunguza boroni kwenye sabuni za kufulia, kwa ajili ya kulinda mashamba yanayopokea majitaka yaliyotibiwa.

Maji ya kufua ya kwanza, yenye povu zito, usiyapeleke kwenye mlimau. Ya kusuuza ndiyo yafaayo, na uyamwage siku hiyo hiyo, maana yakilala ndooni yananuka na vijidudu vinazaliana. Ya vyombo yana mafuta, nayo yakizidi hufanya udongo ukatae maji, utayaona yanateleza juu bila kuzama. Yapitishe kwenye kapu la majani makavu kwanza, na yamwage kuzunguka mti chini ya ncha za matawi, usiyamwage kwenye shina. Ukiweza, tumia sabuni ya maji ya potasiamu isiyo na boroni. Kabla ya hayo yote, mpe mlimau wako maji safi ya kutosha, ndoo kadhaa taratibu kwa wakati mmoja, yashuke chini ya mizizi, na urudie baada ya wiki. Majani yaliyokwisha kuharibika hayatarudi kijani, kwa hiyo usiyatazame hayo. Tazama yanayochipua sasa, na baada ya miezi mitatu uniandikie yamekuwaje.